Uchumi wa Pwani Uanze na Korosho, Nazi na Samaki Wetu



Haya ndiyo niliyoyasema kwenye kikao chetu cha vijana kuhusu uchumi wa Pwani. Nimeyaandika upya kwa ajili yako wewe ambaye hukuweza kufika.

Hebu tuanze na korosho. Wengi wetu tumekua tukiziona mikononi mwa wauzaji, stendi na barabarani, zimefungwa kwenye vipakiti vidogo. Lakini ikitoka mtini, korosho haiwezi kuliwa hivyo hivyo. Ganda lake lina mafuta yanayochoma ngozi. Lazima itiwe mvuke au ikaangwe, ibanguliwe, ikaushwe, itolewe kile kigozi cha ndani, halafu ipangwe kwa daraja: nzima upande wake, zilizovunjika upande wake, manake nzima ndiyo yenye bei. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kama kilo moja iliyo tayari kuliwa. Kila hatua niliyoitaja hapo ni kazi ya mtu. Ukiuza ghafi, umeuza na hizo kazi zote. Na korosho nyingi za Afrika huuzwa hivyo, zikaenda kubanguliwa India na Vietnam, na huko ndiko mishahara inakolipwa.

Usidhani kazi hii sisi hatuijui. Kilifi ilikuwa na kiwanda cha korosho tangu miaka ya sabini. Waulize wazee wa pale watakwambia. Miaka ya tisini kikaanguka. Halafu mwaka wa 2009 serikali ikapiga marufuku kuuza nje korosho ghafi na makadamia ghafi, ili zitengenezwe hapa hapa nchini. Nia ilikuwa nzuri, mimi siipingi. Lakini fikiria hali ya mkulima. Kiwanda kikubwa alichokitegemea kilikuwa kimekufa zamani, na sasa mnunuzi wa nje naye amefungiwa. Amebaki na nani? Wanunuzi wachache, na wao ndio wanaopanga bei. Mikorosho mingi imezeeka, mavuno yameshuka, na wako waliochoka wakaikata wakachoma makaa. Sheria ilitangulia, kiwanda hakikufuata.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Mpango wa uchumi wa eneo, ukiondoa maneno makubwa, unauliza hivi: sisi tayari tunajua kufanya nini, kazi hiyo inakatikia wapi, na nani ana uwezo wa kuunga pale ilipokatika? Wataalamu wanauita mnyororo wa thamani. Jina lisikutishe. Bibi yako akikuna nazi anaujua kuliko wao.

Manake nazi ni vivyo hivyo. Tunauza madafu, tunauza nazi kavu kwa lori, basi. Makumbi tunachoma au tunatupa. Na makumbi hayo ndiyo yanayotoa nyuzi za kamba, mikeka na magodoro, na unga wake hutumika badala ya udongo kwenye vitalu vya maua na mboga. Vifuu vyatoa makaa. Tui laweza kukaushwa likawa unga, mbata zikakamuliwa mafuta. Wewe nenda dukani uangalie tui la pakiti limetoka wapi. Soma nyuma ya pakiti, usichukue neno langu.

Upande wa samaki nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa ya umma hupotea huku tunapiga makofi. Mvuvi wetu anaijua bahari. Anajua kusi na kaskazi, anajua mwamba gani una samaki gani. Kinachomuua ni barafu. Akifika pwani jua limechomoza na hana barafu, hawezi kubishana bei na mtu, manake kila dakika samaki wake anaharibika. Tena wengi wamefungwa na tajiri: chombo ni cha tajiri, nyavu ni za tajiri, kwa hivyo samaki ni wa tajiri, kwa bei ya tajiri. Mama karanga naye, ambaye ndiye anayelisha mtaa mzima, ananunua waliobaki. Sasa mwanasiasa akija hugawa mashua. Kwa nini mashua? Kwa sababu mashua inapigwa picha vizuri. Mtambo wa barafu na chumba cha baridi, vyenye umeme wa kutegemewa na vinavyosimamiwa na BMU yenyewe kwa hesabu zilizo wazi, havina picha nzuri. Lakini hivyo ndivyo vinavyompa mvuvi nguvu ya kusema "leo siuzi kwa bei hiyo".

Kuna wanaosema Pwani tayari ina uchumi wake, yaani bandari. Sawa. Bandari ni neema kubwa. Lakini tuliona treni ya SGR ilipoanza mwaka wa 2017 na mizigo ikaamriwa ipelekwe Nairobi. Mabohari yakakosa kazi, madereva wa malori wakakaa, maduka ya vipuri na hoteli za njiani zikafunga, watu wakaandamana Mombasa. Amri hiyo ikaja kubatilishwa Septemba 2022. Iliamriwa Nairobi na ikaondolewa Nairobi. Uchumi unaoweza kuzimwa na kuwashwa kwa tamko la mtu mmoja si wa kuutegemea peke yake.

Kwale nao walikuwa na madini ya titani. Base Titanium walianza kusafirisha mwaka wa 2014, wakamaliza kuchimba mwishoni mwa 2024. Miaka kumi tu. Mchanga ule mzito ulipakiwa melini ukaenda kugeuzwa rangi na bidhaa nyingine nchi za watu. Mgodi ukiisha umekwisha. Mnazi ukiutunza utamlisha mjukuu wako.

Sasa, kaunti moja haiwezi kufanya haya peke yake. Korosho ya Kilifi na Kwale haitoshi kulisha viwanda viwili vinavyogombania. Maembe ya Tana River huiva kwa pamoja, ngowe na apple, yakamwagika barabarani bei ikaanguka, na soko lake kubwa liko Mombasa. Lori la maembe likitoka Garsen mpaka Mombasa lapita kaunti tatu, na kila kaunti ina sheria yake ya ushuru wa mazao. Lamu ina mafundi wa majahazi na wachongaji wa milango, mji wenyewe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, lakini mtalii anauziwa kinyago kilichochongwa mbali. Hizi ni kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Chombo cha kuziunganisha kipo, kinaitwa Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Katiba kipengele cha 189 inaruhusu kaunti kushirikiana, na kilimo na uvuvi vimegatuliwa. Kwa hivyo magavana wasituambie mikono yao imefungwa.

Na Dongo Kundu kunajengwa eneo maalum la kiuchumi. Swali langu ni rahisi: litakuwa na viwanda vinavyochukua korosho, nazi, maembe na samaki wetu, au litakuwa mahali pa kuunganisha bidhaa za kutoka nje huku sisi tukipewa kazi ya ulinzi getini?

Jambo jingine halizungumzwi hadharani. Mikopo mingi ya vijana inatoka na riba. Hustler Fund yenyewe ni asilimia nane kwa mwaka. Kijana Muislamu anayeogopa riba anakaa pembeni, halafu anaambiwa vijana wa Pwani ni wavivu. Mpango wa eneo hili usioweka njia ya ubia, ambapo kaunti au ushirika unatia mashine na kijana anatia kazi, faida ikagawanywa, umewaacha nje maelfu ya watu wake kabla haujaanza.

Wapi pa kuyasema haya? Kila kaunti ina mpango wa miaka mitano, ule wanaouita CIDP, na wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Utakaofuata utaandikwa karibuni, nawe uwe umejipanga kabla rasimu haijatoka. Kila mwaka, kufikia 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti, na kufikia 30 Aprili makadirio ya bajeti. Kabla ya hapo wananchi lazima wasikizwe, ni sheria. Najua vikao vinatangazwa jioni kufanywa asubuhi, siku ya kazi, na soda mkononi. Nenda hivyo hivyo, na upeleke maandishi, manake ya mdomo hayaingii kwenye kumbukumbu.

Wiki hii chagua kitu kimoja kinachotoka wadi yako. Fuatilia bei yake shambani au ufuoni, bei ya anayekichukua, na bei ya mwisho mjini. Andika mahali kazi inapokatikia na kinachokosekana hapo: barafu, mashine ya kubangua, barabara, au mnunuzi wa pili. Tutumie ukitaja wadi na kaunti. Tutayapanga yote kaunti kwa kaunti na kuyapeleka mikononi mwa MCA kabla Agosti haijaisha, nakala moja ikienda Jumuiya.