Chuma cha Damu Yetu na Urithi wa Nyota



Chuma kilichomo damuni mwetu hakikuzaliwa duniani. Kilipikwa na nyota. Ulimwengu ulianza na haidrojeni, heliamu na lithiamu kidogo. Nyota kubwa ndizo zilizounganisha viini vyepesi kuwa vizito, hatua kwa hatua, hadi kufikia chuma. Hapo muungano hautoi tena nishati: kitovu huporomoka, nyota hulipuka, na hazina yake husambaa angani.

Nyota ndogo zina njia nyingine. Mwaka 1930 Subrahmanyan Chandrasekhar, mzaliwa wa Lahore mwenye umri wa miaka 19, akiwa melini kuelekea Uingereza, alikokotoa kwamba mabaki ya nyota ya namna hiyo hayawezi kuuhimili uzito wake yakizidi kikomo fulani, ambacho leo hukadiriwa kuwa takriban mara 1.4 ya uzito wa Jua. Mwaka 1935 Arthur Eddington, bingwa wa fani hiyo, aliipinga hoja yake hadharani. Leo twajua kwamba mabaki hayo, yakikaribia kikomo hicho kwa kunyonya maada ya nyota jirani, yaweza kulipuka, na milipuko hiyo imeipatia galaksi yetu sehemu kubwa ya chuma chake. Chandrasekhar alitunukiwa Nobel mwaka 1983.

Nyota kongwe zina chuma haba. Jua, lenye umri wa miaka bilioni 4.6, lilirithi kingi zaidi, kwa kuwa kila kizazi kiliongeza juu ya kilichopokea.

Nasi tulilipokea hekalu hili kutoka kwa waliotutangulia. Basi tuzisikilize hesabu za vijana wetu kabla ya kuzikataa, kwani wao ndio warithi wa tutakachoacha.