Madume ya Mbegu: Tulichojifunza na Tunachoomba

(Hotuba ya kamati ya fedha kwenye harambee ya mwaka ya wana-Kongwa tuishio Dar es Salaam)



Tumepewa dakika kumi kusoma hesabu za mradi wa madume. Hesabu zenyewe ni fupi na hazipendezi. Mwaka juzi tulinunua madume manne kwa michango yenu. Leo anayefanya kazi ni mmoja.

Tuseme ilivyokuwa, maana fedha ni zenu. Madume wale tuliwachagua kwa picha za WhatsApp. Muuzaji alituma picha, sisi huku mjini tukapiga kura: huyu amenenepa, huyu manyoya yanang'aa. Mzee tuliyemwomba awapokee alipiga simu akasema dume mmoja "hajakaa sawa huko nyuma". Tukamjibu malipo yameshafanyika. Dume huyo aliwekwa na ng'ombe jike karibu 40, msimu mzima. Ndama hawakuonekana. Daktari wa mifugo alipomkagua alikuta korodani moja haikushuka na nyingine ni ndogo. Wa pili alikufa kwa ndigana kali; alitoka kwenye shamba linaloogesha kila wiki, akaingia kwenye kupe wetu bila kinga na josho letu likiwa kavu. Wa tatu kwato zilimwinamisha, akauzwa buchani.

Sisi wahasibu tumezoea kutazama bei ya kununua. Hasara kubwa haikuwa pale. Jike asiyeshika mimba msimu huu anakula nyasi mwaka mzima bila kuleta ndama, na kaya nyingi kule kwetu ada ya shule inatoka kwenye ndama. Dume mbovu mmoja amezinyima kaya hizo mwaka mzima. Kwa hilo tunawaomba radhi.

Safari hii kamati imekwenda yenyewe, pamoja na wazee wawili na afisa mifugo. Pale wilayani tuna Ranchi ya Kongwa inayofuga Boran, na jirani zetu Mpwapwa wana kituo cha utafiti kilichozaa aina ya ng'ombe inayoitwa Mpwapwa. Tulikuwa tunatafuta mbali bure.

Tumeamua kununua wadogo, wa mwaka mmoja hivi, kwa sababu bei ni nafuu na wanazoea malisho yetu kabla ya kazi. Lakini wa mwaka mmoja ni mtoto. Tunawatazama wakitembea kwanza, mwendo mrefu, si wakiwa wamesimama zizini: mguu wa nyuma uliosimama kama nguzo au uliopinda sana utamshinda atakapoanza kupanda. Kisha macho, meno, kwato. Kisha korodani, kwa mkono: ziwe mbili, zilingane, ziwe ngumu kiasi, zisiwe na uvimbe. Mzunguko wake tunaupima kwa utepe. Vitabu vya Marekani vinataka sentimita 30 kwa dume wa mwaka mmoja na kidogo, ila hicho ni kipimo cha ng'ombe wa asili ya Ulaya. Boran na zebu huchelewa kukomaa, kwa hiyo tunamlinganisha na wenzake wa rika lake kundini, na aliye mdogo kuliko wote tunamwacha hata kama amenona. Tunauliza pia habari za mama yake: anazaa kila mwaka? Ndama wake wanakua? Asiye na mama anayejulikana hatumchukui. Na dume mkali kwa watu tunamwacha, maana atachungwa na watoto.

Daktari atatoa damu apime ugonjwa wa kutupa mimba kabla hatujalipa. Wakifika watakaa peke yao mwezi mmoja, wasichanganyike na mifugo ya kijiji.

Sasa matunzo. Madume hawa watafugwa pamoja mpaka wafike miaka miwili au zaidi kidogo, wakichungwa mchana na kuongezewa mashudu ya alizeti wakati wa kiangazi. Mashudu ya pamba tunayaepuka, kwa kuwa yana sumu inayoweza kudhoofisha mbegu za dume. Wasikonde, na wasinenepe kama wa maonyesho. Wanahitaji maji, chumvi, chanjo na kuogeshwa. Dume aliyepata homa kali anaweza kuonekana mzima huku mbegu zake zimeharibika; mbegu huchukua kama miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo anapumzishwa. Msimu wa kwanza apewe majike 15 basi, akikomaa 25. Na kabla binti zake hawajafikia kupandwa, anahamishiwa kijiji kingine. Atakayeonekana hafai njiani atahasiwa, auzwe kama maksai, fedha irudi mfukoni.

Tunajua wanachama wanapenda kuchangia kununua. Dume anapigwa picha akiwa na mchangiaji, jambo zuri. Dawa ya josho haina picha. Mwaka juzi fungu la matunzo lilipata ahadi tatu tu, na mbili hazikulipwa. Wenye ahadi hizo wamo humu ukumbini na mmoja anasimama hapa akisoma.

Kwa hiyo kamati imeamua: hatutanunua dume hata mmoja mpaka fedha ya kumtunza miaka miwili iwe benki. Kama fedha itatosha wawili, tutanunua wawili. Josho litakarabatiwa kwanza, kabla ya yote, na mzee yule aliyetuonya ndiye atakayekuwa na neno la mwisho pale zizini.

Kadi za ahadi ziko kwa mweka hazina, karibu na mlango. Mstari wa kwanza ni wa kununua, wa pili ni wa matunzo. Tunaomba muanze kujaza ule wa pili.