GHARAMA YA SWALI MOJA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi na waliopata kusoma shuleni hapa)

Nimeombwa nizungumzie akili mnemba, programu ya kompyuta inayojibu maswali na kuandika hata insha. Wako wasemao kwamba haidhuru mazingira, maana haionekani moshi. Wengine wasema inamaliza maji ya dunia. Mimi naomba tupige hesabu kwanza.

Mwezi Agosti 2025 kampuni ya Google ilitangaza kwamba swali la kawaida la maandishi kwa programu yake ya Gemini hutumia umeme wa wati-saa 0.24 na maji mililita 0.26, na hutoa gramu 0.03 za hewa ya ukaa. Tuseme shule ina wanafunzi 600, kila mmoja auliza maswali 10 kwa siku, kwa siku 200 za mwaka. Hayo ni maswali 1,200,000. Zidisheni: umeme uniti 288 za LUKU, maji lita 312, yaani madumu kama 16 ya lita 20, hewa ya ukaa kilo 36, sawa na kuchoma lita 13 hivi za dizeli.

Lakini hesabu haijaisha. Tangu kambi ya wakimbizi ifunguliwe hapa Nyarugusu mwaka 1996, sote twajua shida ya kuni. Anayehesabu mizigo iliyofika jikoni hajahesabu visiki vilivyobaki msituni, wala saa za mama aliyezifuata. Hesabu ya Google nayo ina visiki vyake. Haikuingiza umeme wa kuifundisha mashine kabla ya swali la kwanza, wala maji yanayotumika kwenye mitambo ya kuzalisha umeme. Video, zinazokula umeme mwingi zaidi, hazimo.

Tena umeme hutofautiana. Kasulu na Kibondo zilitegemea majenereta ya dizeli hadi gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022. Uniti ya jenereta na uniti ya bwawa la Rufiji huwasha taa ileile, ila moshi wake si sawa. Mkiambiwa idadi ya uniti, ulizeni zimetoka wapi.

Na haba na haba hujaza kibaba. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya kompyuta duniani, kwa kazi zake zote, vilitumia uniti bilioni 415, asilimia 1.5 hivi ya umeme wote. Na kwamba mwaka 2030 huenda zikafika bilioni 945.

Wanafunzi, kitumieni chombo hiki palipo na haja. Ila kila mnapopewa namba, ulizeni mambo matatu: kimehesabiwa nini, kimeachwa nini, na mzigo anaubeba nani?