Picha za Nje na Picha za Ndani

(Maneno haya yalisemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wetu. Yanachapishwa kama yalivyosemwa.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, ndugu zangu tuliosoma hapa, nanyi vijana mlioketi huko nyuma kwa sababu viti vya mbele tumevichukua sisi wazee.

Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya mafanikio katika biashara ya kupiga picha. Nilimjibu kwamba habari za mafanikio azitafute kwa wenzangu, maana darasa letu limetoa madaktari na wakuu wa idara. Lakini kama anataka habari za kazi, hizo tunazo za miaka zaidi ya thelathini. Nasema "tunazo" kwa makusudi. Kazi yenyewe ni ya watu wawili, mimi na mke wangu, na mwenye ujuzi kati yetu si huyu anayesimama hapa.

Nilipotoka shuleni niliajiriwa ukarani katika shirika moja la umma. Mwaka 1993, mashirika yalipokuwa yakipunguza watu, nami nikapunguzwa. Nilipewa kiinua mgongo kidogo, na kila jamaa akawa na ushauri wake: huyu ninunue shamba Mkuranga, yule nichangie daladala. Mke wangu alinyamaza. Wakati huo alikuwa ametimiza miaka saba katika studio moja ya mjini, upande wa Mnazi Mmoja. Aliingia pale kama mfagiaji, lakini kufikia mwaka ule yeye ndiye aliyesafisha filamu, aliyechapa picha, na aliyepaka rangi kwa brashi picha za mabibi harusi zilizopigwa kwa filamu nyeusi na nyeupe. Siku ya tatu ya kelele za jamaa aliniuliza neno moja tu: "Baba watoto, hizo fedha zinatosha kamera na mashine ya kuchapia?"

Basi tukafungua studio Temeke, chumba kimoja cha mbele, chenye pazia lililochorwa mnazi na jahazi. Bafu tuliligeuza kuwa chumba cha giza. Kwa hiyo mkisikia watu wakisema kwamba mzee huyu alimfundisha mkewe kazi, jueni kuwa mambo ni kinyume. Nilifundishwa mimi, tena na mwalimu mkali kuliko wale waliotufundisha aljebra hapa.

Niwaeleze kidogo ugumu wa kazi ile, maana ninyi vijana mnaona picha inatoka kwenye simu kwa kugusa kidole. Vitabu vinasema dawa ya kusafishia filamu nyeusi na nyeupe itumike ikiwa na nyuzi 20 za Sentigredi. Maji ya Temeke mwezi wa Februari hayajui habari hizo. Yanatoka bombani, siku yanapotoka, yakiwa kama chai iliyosahauliwa mezani. Dawa ikiwa ya moto filamu huiva kabla ya wakati, chembe zake huvimba, na uso wa mtu huonekana kama umemwagiwa mchanga. Kila jioni tulinunua barafu kwa jirani muuza samaki, na chupa za dawa tukazikalisha katika beseni la barafu hiyo. Ndiyo maana mwaka wa kwanza wateja walisema picha zetu ni nzuri ila zina harufu ya ng'onda.

Kuna na jambo la gauni jeupe. Kamera haina akili. Ikiona weupe mwingi mbele yake hudhani jua limezidi, inapunguza mwanga, na bibi harusi anatoka na gauni la kijivu na uso usiosomeka. Mke wangu hukaribia kwanza, akapima mwanga shavuni pa bibi harusi, ndipo anaporudi nyuma na kupiga. Hata hivyo filamu za rangi zilikuwa na kasoro ambayo sisi hatukuweza kuiondoa. Miaka mingi maabara za dunia zilirekebisha rangi kwa kutazama kadi ya kampuni ya Kodak yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Wanamaabara waliiita kadi ya Shirley, kwa jina la mfanyakazi aliyepigwa picha ya kwanza. Uso wa Shirley ukitoka sawa, kazi imekwisha. Wa kwetu hakuulizwa mtu. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilitolewa na Kodak katikati ya miaka ya 1990, nasi tulikuwa tumekwisha kusikia malalamiko ya akina mama wengi: "Mbona mmenipaka masizi?"

Sasa nije kwenye jambo lililotufanya tuwe wawili.

Ninyi mliokulia Dar es Salaam mnajua kuwa harusi ya mji ule ina nyumba mbili ndani ya nyumba moja. Nje kuna turubai, sufuria za pilau, wazee juu ya mkeka, shehe na walii, na bwana harusi anayetoka jasho. Hiyo ni yangu. Ndani kuna bibi harusi anayesingwa na kupakwa hina, makungwi, mashangazi, na wanawake waliovua mabuibui yao kwa kuwa hakuna mwanamume anayewaona. Hapo mimi sifiki. Kwa Wakristo pia iko kicheni pati, ambayo kwa kawaida ni ya akina mama watupu, na maneno yanayosemwa mle si ya masikio yetu. Wapiga picha wengi wa wakati ule walikuwa wanaume, kwa hiyo harusi nyingi zilibaki na nusu ya picha. Bibi harusi alipigwa akiwa ameshatolewa, amekwisha inamisha kichwa, basi. Mke wangu aliingia ndani na kamera yake, na kutoka Tandika hadi Mwananyamala tukaanza kuitwa "wale wawili".

Lakini kupiga ni mwanzo tu. Filamu ya rangi ilikuwa lazima ipelekwe maabara mjini, na mle waliokuwa wakizishika picha ni vijana wa kiume. Mama mmoja wa Magomeni alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Mkeo aniona na nywele zangu, sawa, lakini hao wa mjini ni maharimu zangu?" Tangu siku ile picha za ndani mke wangu alizipiga kwa filamu nyeusi na nyeupe, akazisafisha na kuzichapa mwenyewe usiku, mlango umefungwa. Wengi walipenda rangi, lakini walipoelezwa sababu walichagua nyeusi na nyeupe. Baadaye mashine za kuchapa rangi kwa saa moja zilipoenea, alikwenda nazo mwenyewe, akasimama mbele ya mashine mpaka picha ya mwisho ianguke mkononi mwake.

Negativu (ule utepe wa filamu ambao weupe huonekana weusi na weusi weupe) zilikaa katika makopo ya biskuti, pamoja na mchele uliokaangwa na kufungwa kitambaani ili ule unyevu, maana hewa ya pwani huotesha ukungu juu ya kila kitu, hata ndani ya lenzi. Makopo ya picha za nje yalikuwa rafuni. Ya ndani yalikuwa sandukuni, na ufunguo wa sanduku alikuwa nao yeye shingoni. Mimi sina ufunguo wa sanduku lile hadi leo.

Mtu anaweza kuona haya ni madoido. Lakini jioni moja alikuja studio bwana mmoja aliyevaa vizuri, akataka kununua picha za usiku wa hina wa binti fulani, akataja fedha ambazo zingetulipia kodi ya miezi minne. Mwezi wenyewe ulikuwa wa Ramadhani, na mwezi huo harusi za Waislamu hakuna. Ukikutana na Kwaresima, ambapo Wakristo wengi nao hawafungi ndoa, mpiga picha huishi kwa picha za pasipoti akingojea Mfungo Mosi kama mkulima anavyongojea vuli. Nilimweleza yule bwana kwamba ufunguo sina, na mwenye ufunguo haniruhusu hata mimi kutazama. Alicheka, akaniuliza ni mume wa namna gani huyu. Nikamwambia ni mume aliyeshiba. Hilo lilikuwa uwongo, siku ile tulifuturu uji.

Mbali na makopo kulikuwa na daftari. Mke wangu aliandika kila harusi katika kaunta buku: tarehe, mtaa, nani kaoa nani, filamu ngapi, kopo la ngapi. Mimi niliyekuwa karani nilimkejeli kwamba ananiigiza. Mwaka 2009 ndipo tulipojua daftari lile ni nini. Alikuja mwanamke kutoka Mbagala, amevaa eda, na watoto wawili. Mumewe alikuwa amefariki, na ndugu za marehemu walikuwa wamefungua shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo wakisema yeye hakuwa mke, alikuwa amekaa na kaka yao tu. Cheti cha ndoa kilipotelea katika kuhamahama. Shehe aliyewaozesha alikuwa amekwisha kufa. Albamu, alisema, ilichukuliwa siku ya msiba, hajui na nani. Alichokumbuka ni kwamba siku ya ndoa yake, mwaka 1996, walikuwako "wale wawili".

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema kuwa mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, itachukuliwa kuwa wameoana, mpaka mtu athibitishe vingine. Kwa hiyo hakuwa bila kinga. Lakini kinga ya dhana ni jambo moja, na kumwonyesha hakimu mkeka wenyewe ni jambo jingine. Mke wangu alifunua daftari, akaenda rafuni, na haikupita nusu saa negativu ikawa juu ya meza. Ilikuwa picha yangu, ya nje: shehe amemshika mkono bwana harusi, walii yuko kushoto, na kulia, ameketi ameinua viganja vya dua, ni kaka wa marehemu, yule yule aliyekuwa akiapa kwamba ndoa haikuwapo.

Tulichapa nakala tatu, hatukumtoza kitu. Mahakamani aliitwa mke wangu, siyo mimi niliyepiga, kwa sababu daftari lilikuwa la mwandiko wake. Hakimu aliishika negativu dirishani, akaitazama kwa muda mrefu, akamuuliza yule kaka kama ana swali kwa shahidi. Hakuwa nalo. Yaliyofuata ni ya familia ile, siyo yangu kuyasimulia.

Halafu yakaja mafuriko ya Desemba 2011. Mnakumbuka jinsi Bonde la Msimbazi lilivyojaa, Jangwani, Kigogo, Magomeni, na waliobomokewa wakapewa viwanja Mabwepande. Watu walitujia na albamu zilizoganda kama mkate. Nawapa dawa yake, huenda ikawafaa: picha ya karatasi iliyolowa usiibandue ikiwa imeanza kukauka. Ilaze katika maji safi ya baridi, ingoje iachie yenyewe, kisha uianike bapa kivulini. Zilizokuwa zimekwisha kuoza tulizichapa upya kutoka makoponi. Mzee mmoja wa Kigogo alipoteza kitanda, redio na cherehani, naye alichokifuata kwanza ni picha ya mama yake.

Mwaka uliofuata, Januari 2012, Kodak yenyewe iliomba kinga ya kufilisika, wakati kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa mumo humo Kodak, na mhandisi wao Steven Sasson, mwaka 1975. Sisi tulikuwa tumekwisha kuacha filamu. Siku hizi picha tunazinakili mara mbili katika diski, moja studio na moja kwa shemeji yangu Mbagala, na daftari bado linaandikwa kwa kalamu.

Kinachotusumbua sasa ni simu. Mke wangu anaingia ndani kama zamani, lakini anakuta wageni hamsini na kamera hamsini, na kabla bibi harusi hajakauka hina sura yake imefika Muscat. Tangu Mei 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ikifanya kazi, na ni vizuri. Lakini sheria hufika baada ya picha. Mke wangu huweka kapu mlangoni na kuomba simu zikae humo hadi mwisho. Nusu ya kina mama hukubali, nusu humwona mshamba. Mwaka jana bibi harusi mmoja wa Chang'ombe alitoka chumbani mwenyewe, na liwa usoni, akalishika kapu na kupita nalo mtu mmoja mmoja, akianza na mama mkwe wake mtarajiwa. Lilijaa.

Vijana waliotaka kuuliza juu ya kujifunza kazi hii wamwendee mke wangu. Yuko pale chini ya mwembe na mguu wa kamera, wala mimi sina mamlaka ya kuajiri. Picha ya pamoja itapigwa saa kumi kamili kwa sababu saa kumi na moja jua litaingia nyuma ya bweni. Warefu nyuma, wenye vitambi pembeni, na Mwalimu Mkuu katikati. Tafadhalini msivae miwani ya jua. Atawatoa.