"Niko Kadi" Mchana wa Ramadhan

Ndugu zangu vijana wa Kitui na Makueni.

Jua la Wote unalijua. Magharibi bado mbali, basi mmekaa chini ya mti mnacheza poka ili swaumu ipite. Kujifunza si kazi: mwenzako akitupa 2 unaokota kadi mbili, akitupa 3 unaokota tatu, na kabla ya kumaliza lazima utangaze "niko kadi". Bila pesa, masheikh wametofautiana, leo sisemi hapo.

Sasa mmoja asema, "Tuweke mbao mbao, ya futari." Wote wameweka, mmoja atabeba. Hiyo ndiyo maysir, iliyotajwa pamoja na ulevi katika Suratul Maida, aya ya 90. Usiniambie eti mbao ni kidogo! Aya ya 91 yataja uadui na kuzuiwa na swala. Na adhana ya alasiri huwakuta mkidaiana.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Hurayra (RA) kwamba amwambiaye mwenzake njoo tucheze kamari, na atoe sadaka. Kumwita tu, kadi hazijagawiwa! Basi wewe uliyetamka "tuweke", mbao ile itoe leo kabla ya futari. Nawe uliyebeba za wenzako jana, warudishie.