Tuiulize Benki Kabla ya Msimu



Wiki hii napenda tuzungumzie fedha tunazowapa wengine watutunzie. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifunga benki tano kwa siku moja, kwa kuwa mitaji yao haikufikia kiwango cha sheria. Mojawapo ilikuwa benki ya ushirika ya wakulima wa mkoa wetu wa Kagera. Bodi ya Bima ya Amana ikapewa kazi ya ufilisi. Wakati huo mwenye akiba alilindwa hadi shilingi 1,500,000 tu. Aliyekuwa na zaidi ilimbidi angoje mali ya benki iuzwe na madeni yake yakusanywe.

Benki huugua maradhi mawili. La kwanza ni mikopo isiyorudi, ambayo wataalamu huiita mikopo chechefu. Benki yetu ya Taifa ya Biashara ililemewa hivyo na madeni ya vyama vya ushirika na mashirika ya umma, hata mwaka 1991 kikaundwa chombo maalum, LART, cha kuyafuatilia. La pili ni kukosa ukwasi: mali ipo, lakini fedha taslimu hazipo siku mwenye akiba anapozitaka. Uingereza mwaka 2007 wateja wa benki ya Northern Rock walipanga foleni barabarani, ingawa wadeni wake wengi walikuwa wakilipa vizuri.

Huku kwetu maradhi hayo huja pamoja. Mkulima wa kahawa wa Ngara na mkulima wa pamba wa Biharamulo wote hungoja msimu. Kabla ya msimu kila mtu anahitaji fedha za ada, palizi na dawa za mazao. Wakati huo huo aliyekopa hana cha kulipa mpaka mazao yanunuliwe. Bei ikianguka, au malipo yakichelewa, asiyeweza kulipa deni na anayetaka kutoa akiba ni majirani wa kijiji kimoja. Benki inayotegemea zao moja itapata wapi fedha siku hiyo?

Benki Kuu imeweka vipimo. Mali inayogeuzwa fedha upesi isipungue asilimia 20 ya madai ya muda mfupi, na mikopo chechefu inatakiwa isizidi asilimia 5. Kila robo mwaka benki hutakiwa kutangaza hesabu zake magazetini. Lakini mkaguzi hakai kijijini. Sisi ndio tunaokaa.

Wengi wetu tumeweka fedha katika vyama vya akiba na mikopo, ambavyo bima ya amana haivilindi. Kwa hiyo nashauri kwamba katika mkutano mkuu tuulize maswali matatu. Mikopo mingapi imepita siku yake ya kulipwa? Fedha taslimu zilizopo zinatosha wangapi wakija pamoja? Na wajumbe wa bodi wenyewe wanadaiwa kiasi gani?

Mimi naona kuuliza hivyo si kumvunjia mtu heshima. Tumezoea kusema akiba haiozi. Huoza, ndugu zangu, pale wenyewe wanapoiacha bila kuitazama.