Sukari ya Mwili Ikishuka, Usisubiri

Ifuatayo ni hotuba ya elimu ya afya kwa wakazi wa Kalimoni.



Mwenye kisukari huambiwa kila siku apunguze sukari. Ushauri huo ni sahihi. Lakini iko saa ambapo sukari hiyo hiyo ndiyo dawa, na familia isiyojua huogopa kumpa.

Sukari ya damu ikishuka chini ya 4 kwenye mashine ya kupimia, hiyo ni hatari. Hutokea hasa kwa wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi. Mtu humeza dawa akakosa kula, akazidisha dozi, akafanya kazi nzito kuliko kawaida, au akanywa pombe tumbo likiwa tupu. Anayejidunga insulini alfajiri kisha akaenda kuchimba mawe Juja au kuchuma kahawa bila kula, amejiweka hatarini.

Kwanza hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio na njaa humbana. Baadaye huchanganyikiwa, huwa mkali bila sababu, hupepesuka na maneno hayashikani. Hapo stejini watu humdhania mlevi wakampita. Kumbe dakika hizo ndizo za kumwokoa.

Kama ana fahamu na anaweza kumeza, fanyeni hivi:

1. Mpeni vijiko vidogo 4 vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Isiwe soda isiyo na sukari. Msianze na mandazi wala chokoleti, kwani mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu.
2. Subirini dakika 15, kisha mpimeni. Ikiwa bado iko chini ya 4, rudieni. Kama hakuna mashine, msingoje kupima: mpeni sukari, na dalili zikibaki rudieni.
3. Akipata nafuu, ale mkate, ndizi au githeri ili isishuke tena.

Akizimia, msimtie chochote kinywani, atapaliwa. Msimdunge insulini, itamshusha zaidi. Mlazeni kwa ubavu, pigeni 999, au mkimbizeni Thika Level 5 au hospitali nyingine iliyo karibu yenye huduma za dharura.

Aliyeshushwa na vidonge apelekwe kwa daktari hata akionekana amepona, kwa kuwa dawa hukaa mwilini na sukari inaweza kushuka tena saa chache baadaye.

Asiache dawa kwa uamuzi wake. Aeleze kliniki yake, dozi iangaliwe upya.

Kila mwenye kisukari atembee na sukari mfukoni, na awaambie mapema wenzake wa kazini na majirani. Mwendeshaji boda akihisi dalili asimame, atumie sukari, wala asiondoke kabla hajatulia kabisa.